Nissan X-Trail T30: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu Kabla ya Kununua Spea

X-Trail ya kizazi cha kwanza, ambayo kwa namba ya kiwandani huitwa T30, iliingia sokoni Japani mwishoni mwa mwaka 2000 na ikaendelea kutengenezwa hadi 2007, ilipopokewa na T31. Nyingi zilizopo Tanzania zililetwa zikiwa zimekwisha kutumika Japani, na sehemu kubwa ya hizo zina injini ya petroli ya QR20DE yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,998, gia boksi ya otomatiki yenye gia 4, na mita zilizowekwa katikati ya dashibodi badala ya mbele ya dereva. Chache zina QR25DE ya lita 2.5, na chache zaidi, zile za GT, zina SR20VET yenye tabo. Mwongozo huu unahusu hasa QR20DE, ingawa mengi yaliyomo yanaihusu QR25DE pia.

Wamiliki wa gari hili wamegawanyika: wapo wanaoliapia na wapo wasiotaka kulisikia. Kwa niliyoyaona, tofauti yao haitokani sana na bahati ya kupata gari zima au bovu, bali inatokana na namna matengenezo ya mwanzo yalivyofanywa. Hitilafu kadhaa za T30 hufanana kwa dalili, kiasi kwamba gari linalozima barabarani linaweza kuwa na tatizo la sensa, la pampu ya mafuta, la throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) au la waya uliolika kutu, na mwenye gari anayeanza kwa kununua pampu kwa sababu ya jirani yake kununua pampu huishia kununua vyote vinne. Kwa hiyo kila dalili hapa chini inafuatwa na kipimo kabla ya kutajwa spea.

Kusoma namba ya kosa bila kifaa

Taa ya njano ya injini ikiwaka, kompyuta ya gari huwa imekwisha kuandika namba ya kosa. Vifaa vidogo vya kusomea vinavyounganishwa na simu mara nyingine hushindwa kuwasiliana na magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, na hapo ndipo fundi humwambia mteja kwamba kompyuta imekufa, jambo ambalo si kweli mara nyingi. Magari ya Nissan ya enzi hiyo yana njia ya kuonyesha namba hizo kwa kumweka kwa taa yenyewe.

Injini ikiwa imezimwa na pedali ya mafuta ikiwa imeachiwa kabisa, washa swichi mpaka taa za dashibodi ziwake, bila kupiga stata, kisha hesabu sekunde 3. Kanyaga pedali mpaka mwisho na kuiachia mara 5 ndani ya sekunde 5, subiri sekunde 7, kisha ikanyage tena mpaka mwisho na kuishikilia kwa takriban sekunde 10, hadi taa ya injini ianze kumweka, na hapo uiachie. Tumia saa, usikadirie, maana muda ukikosewa utaratibu hautaitika. Taa itaonyesha tarakimu 4, moja baada ya nyingine, kwa idadi ya mimweko, na mimweko 10 inamaanisha sifuri. Kwa hiyo mimweko 10, kisha 3, kisha 4, kisha 10 ni namba 0340, ambayo kwenye kifaa cha kawaida huandikwa P0340. Ikirudia 10 mara nne, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ukiwa katika hali hiyo usiikanyage tena pedali kwa muda mrefu, kwa kuwa kuishikilia kwa zaidi ya sekunde 10 hufuta kumbukumbu, na ushahidi utakuwa umepotea kabla hujauandika.

Gari linazima likiwa limepata moto

Hii ndiyo dalili iliyoiletea T30 sifa mbaya kuliko nyingine zote. Gari hutoka Kibaha likiwa halina tatizo lolote, kisha likifika kwenye foleni ya Kimara injini hukatika ghafla, bila kutetemeka wala kukohoa, kana kwamba mtu amezima swichi. Stata hupiga vizuri lakini injini haishiki. Baada ya nusu saa kando ya barabara, wakati fundi aliyeitwa bado yuko njiani, gari huwaka kama vile halikuwahi kuugua, na fundi akifika hana cha kupima.

Chanzo cha kwanza cha kushukiwa ni sensa ya krenkishafti, iliyofungwa nyuma ya bloku ya injini upande wa dashibodi, au sensa ya kamshafti, iliyo juu kwenye silinda hedi upande wa gia boksi. Sensa hizi hueleza kompyuta pistoni ziko wapi, na zikizeeka mzunguko wake wa ndani wa umeme hukatika unapopata joto na kurudi unapopoa. Namba za makosa ni P0335 kwa krenkishafti na P0340 kwa kamshafti. Sensa ya krenkishafti ikifa, kwa kawaida injini huzima papo hapo. Ya kamshafti mara nyingi hutangulia kwa dalili nyepesi, kama vile stata kupiga muda mrefu kabla ya injini kushika, au gari kupungukiwa nguvu na taa kuwaka.

Kipimo cha barabarani ni rahisi. Gari likiwa limegoma, mtu mmoja apige stata huku mwingine akiangalia mshale wa mizunguko ya injini, yaani RPM. Mshale ukilala kwenye sifuri bila kutikisika hata kidogo, ishara ya sensa ya krenkishafti haifiki kwenye kompyuta. Kabla ya kununua sensa mpya, chomoa soketi yake na uangalie kama kuna oili, kutu au waya uliochubuka, kwa sababu sensa nzima iliyounganishwa na waya mbovu hutoa namba ileile. Ikithibitika kwamba sensa ndiyo mbovu, ni busara kubadilisha zote mbili kwa wakati mmoja, kwa kuwa zina umri mmoja na zimeishi katika joto moja. Hapa sishauri kubana matumizi: sensa za bandia zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana hudumu miezi michache, na iliyotolewa kwenye injini ya mtumba ina umri uleule wa ile unayoitoa.

Pampu ya mafuta huzimisha gari kwa namna nyingine. Hutoa taarifa mapema: gari huvutavuta mlimani, hukosa nguvu ukilipita lori, kisha hurudi kuwa sawa kwenye tambarare. Ukiwasha swichi bila kupiga stata, pampu iliyo hai husikika ikivuma kwa muda mfupi ndani ya tangi, chini ya siti ya nyuma. Chujio la petroli nalo limo humohumo ndani ya tangi, hivyo watu wengi hulisahau kwa miaka. Tabia ya kutembea na taa ya mafuta ikiwaka kila wiki huiua pampu hii mapema, kwa sababu petroli iliyomo tangini ndiyo inayoipoza.

Jambo moja la usalama lisipuuzwe. Injini ikizima gari likiwa katika mwendo, usukani huwa mzito na breki hubaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu. Kanyaga mara moja kwa nguvu na uendelee kushikilia huku ukitoka barabarani, usipampu.

Injini inamisi au inatetemeka

Mtetemeko unaoongezeka gari likiwa kwenye D na mguu kwenye breki mara nyingi hutokana na silinda moja isiyochoma sawasawa. Namba P0301 hadi P0304 hutaja silinda yenyewe, na P0300 husema tatizo linahamahama. QR20DE ina koili moja kwa kila plagi, na hilo linarahisisha upimaji: kama namba ni P0302, hamisha koili ya silinda ya pili iende ya tatu, futa kosa, kisha endesha. Namba ikigeuka kuwa P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, rudi kwenye plagi, kisha injekta, kisha mgandamizo wa silinda. Sielewi kwa nini gereji nyingi huanza kwa kuuza koili zote 4 wakati kipimo hiki hakigharimu chochote.

Ukitoa koili, angalia shimo la plagi. Ukikuta oili humo, mipira ya tapeti kava imechoka, na koili mpya utakayoweka itaharibika kama ya zamani mpaka uvujaji huo uzibwe. Plagi ziwe za aina iliyotajwa na kiwanda, zenye pengo la milimita 1.1. Plagi za kawaida za bei nafuu hufanya kazi pia, lakini zinatakiwa kubadilishwa mapema zaidi.

Ikiwa injini haimisi bali haishiki sailensa, yaani inashuka mpaka karibu kuzima unaposimama, au inapanda na kushuka yenyewe, tazama throto. Kaboni hujikusanya kando ya kisahani chake na kupunguza hewa inayopita. Kuisafisha ni kazi ya dakika chache, lakini hapa ndipo wamiliki wengi walipoharibiwa safari. Throto ya gari hili huendeshwa kwa umeme, na kompyuta hukumbuka ilivyokuwa chafu. Ikishasafishwa, hewa huwa nyingi kuliko kompyuta inavyotarajia, na gari lililokwenda gereji likizima hurudi nyumbani likinguruma kwenye mizunguko 1,500. Fundi asiyejua sababu husema throto imeungua. Haijaungua, inatakiwa kufundishwa upya.

Injini iwe imepata joto lake la kawaida, betri iwe na nguvu, usukani uwe umenyooka, na kiyoyozi, taa kubwa na kipasha joto cha kioo cha nyuma viwe vimezimwa. Zima injini, washa swichi na kuizima huku pedali ikiwa imeachiwa, kisha subiri sekunde 10 ili throto ijue mahali pa kufunga. Baada ya hapo fuata utaratibu uleule wa kusoma makosa: swichi sekunde 3, pedali mara 5 ndani ya sekunde 5, subira ya sekunde 7, kisha kanyaga na kushikilia. Safari hii usiachie taa inapoanza kumweka. Endelea kushikilia mpaka iache kumweka na kubaki ikiwaka, takriban sekunde 20 tangu ulipokanyaga, kisha achia ndani ya sekunde 3, washa injini na uiache izunguke kwa sekunde 20 bila kuigusa. Ikikubali, mizunguko itatulia karibu na 700. Isipokubali mara ya kwanza, rudia, kwa maana wengi hufanikiwa katika jaribio la pili au la tatu.

Dalili nyingine inayopotosha ni gari linalokataa kupita mizunguko 2,400 hata ukikanyaga mpaka mwisho. Wapo waliouziwa gia boksi kwa dalili hii. Kompyuta hufanya hivyo kwa makusudi inapopoteza ishara ya sensa ya hewa, ile iliyo kwenye bomba baada ya chujio. Angalia kwanza kama soketi yake imechomekwa vizuri baada ya mtu kubadilisha chujio, kisha isafishe kwa dawa maalumu ya sensa, si kwa petroli wala kitambaa.

Injini inakula oili

Kwa mtazamo wangu hili ndilo tatizo zito la T30, kwa sababu mengine yote yanarekebishika kwa sensa na mipira, ila hili likikomaa hufikia injini yenyewe. Injini hii huchukua takriban lita 4 za oili pamoja na chujio. Gari linalopoteza lita 1 kila kilomita 1,000 halionyeshi dalili yoyote kwenye dashibodi mpaka iwe imebaki kidogo mno, maana taa nyekundu ya oili hupima msukumo wake, haipimi kiasi.

Sababu za kawaida ni ringi za pistoni zilizoganda kwa uchafu na vipindi virefu vya kukaa bila kubadilisha oili. Ipo sababu nyingine iliyoripotiwa sana kwa injini za QR, nayo huanzia kwenye ekzosi. Masega ya kwanza, yaani kauri yenye matundu inayosafisha moshi ndani ya ekzosi, yamefungwa karibu kabisa na injini. Yanapozeeka, au yanapopokea petroli isiyochomwa kwa sababu ya injini kumisi muda mrefu, kauri yake huanza kumomonyoka. Kwa kuwa kuna wakati vali za kuingizia na za kutolea huwa wazi kwa pamoja, unga huo unaweza kurudi ndani ya silinda na kuzikwaruza kuta zake kama msasa. Kuta zikikwaruzwa, oili hupita. Oili ikichomwa, huenda kuyaharibu masega zaidi, na mzunguko unajilisha wenyewe. Hii ndiyo sababu ya kutolipuuza tatizo la kumisi lililoelezwa hapo juu hata kama gari bado linakufikisha kazini.

Dalili za masega kuchoka ni namba P0420, sauti ya vitu vinavyogongana ndani ya ekzosi ukiwasha gari, na nguvu kupungua kwenye mizunguko mikubwa. Fundi mwenye kamera ndogo anaweza kutoa sensa ya oksijeni ya juu na kuchungulia humo. Masega yakionekana yamepasuka, yasisubiriwe. Kuweka mapya ndilo suluhisho sahihi, ingawa najua ni ghali na kwamba wengi huyatoa kabisa na kuwauzia wanunuzi wanaoyatafuta kwa ajili ya platinamu na paladiamu iliyomo. Gari lisilo na masega hutoa hewa chafu na harufu, na taa ya injini hubaki ikiwaka, hivyo hutajua siku litakapotokea kosa jingine. Hata hivyo, nikilazimika kuchagua kati ya ekzosi tupu na masega yanayomomonyokea kwenye silinda, sitayaacha yale yanayomomonyoka.

Oili ikipungua mara kwa mara, cheni ya taiming nayo huumia. Gari hili halina mkanda wa taiming wa kubadilishwa kila baada ya kilomita kadhaa, lakini cheni yake hubanwa na kifaa kinachotegemea msukumo wa oili, na mpangilio wa vali za kuingizia hutegemea oili hiyohiyo. Mkwaruzo wa sekunde chache asubuhi injini ikiwa baridi ni onyo, na mkwaruzo usiokoma ni amri ya kufungua. Baadhi ya watu huweka oili nzito ya 20W-50 ili kupunguza moshi. Moshi hupungua kweli, lakini oili hiyo huchelewa kufika juu injini ikiwa baridi, na injini ilikusudiwa oili nyepesi kama 5W-30 au 10W-30.

Gari linachemsha

Rejeta ya T30 ina vichwa vya plastiki ambavyo baada ya miaka 20 hupata nyufa nyembamba zinazovuja pale tu maji yanapokuwa na msukumo, kwa hiyo ukilikagua gari likiwa baridi hutaona kitu. Likichemka kwenye foleni lakini si barabara kuu, angalia feni mbili za umeme, rilei zake na soketi. Likichemka katika mlima wa Kitonga lakini si mjini, shuku rejeta iliyoziba au kifuniko chake kisichobana.

Themostati hufunguka kwenye joto la nyuzi 82 hivi, na inaweza kupimwa kwa kuitumbukiza katika sufuria ya maji yanayopata moto. Mazoea ya kuitoa na kuitupa yana gharama iliyojificha: injini isiyofikia joto lake hupewa petroli zaidi na kompyuta, na mwenye gari hubaki akilalamika kwamba X-Trail inakunywa mafuta. Magari kadhaa yanayosemwa kuwa walafi hayana ugonjwa mwingine zaidi ya huo. Gari likishachemka mara moja vibaya, kagua gasketi ya silinda hedi: mapovu yasiyoisha kwenye mtungi wa akiba, au bomba la juu la rejeta kuwa gumu dakika moja tu baada ya kuwasha injini baridi, ni dalili za gesi ya silinda kuingia kwenye maji.

Gia boksi na magurudumu manne

Gia boksi ya T30 ni imara ikipewa mafuta yake. Kosa linaloiua ni kuchanganywa na T31, ambayo matoleo yake mengi yana gia boksi ya CVT, yaani isiyo na gia za hatua, na mafuta ya aina tofauti kabisa. T30 ya otomatiki hutumia ATF ya aina ya Matic D au inayolingana nayo. Simama karibu na fundi anapomimina, na usome kopo mwenyewe.

Mfumo wa magurudumu manne una nafasi za 2WD, AUTO na LOCK. Taa yake ikimweka polepole, pima tairi kabla ya kupima kingine, kwa kuwa mfumo hutambua tairi zenye kimo tofauti na kuzichukulia kama gurudumu linaloteleza. Tairi mbili mpya mbele na mbili zilizolika nyuma zinatosha kuleta hali hiyo. Ikimweka haraka, mafuta ya mfumo yamepata joto kupita kiasi: simama, iache ipoe. LOCK ni ya tope na mchanga, si ya lami.

Kugonga kwa mbele kwenye mashimo kwa kawaida ni stabilaiza linki au bushi za wishboni, na feni ya ndani inayofanya kazi kwenye namba 4 pekee ni rizista yake iliyoungua. Vyote viwili ni vya bei ndogo.

Anayekwenda kununua T30 afike kwa muuzaji asubuhi, na aiguse boneti kabla ya kusalimiana kwa kirefu. Cheni inayokwaruza, moshi wa bluu na kugoma kushika sailensa vyote huonekana vizuri zaidi katika dakika 2 za mwanzo za injini baridi. Boneti ikiwa tayari ina joto, omba kurudi kesho yake, na uombe injini isiwashwe mpaka ufike.